Jua la Turner, na mguu ulio chini yake

Kuna mchoro mmoja wa bahari ambao watu huusifu kwanza, halafu ndipo wanajua wamesifu nini. Ukiutazama kwa mbali ni machweo. Anga limewaka manjano, chungwa na damu ya mzee. Jua limekaa katikati, jeupe, kama mdomo wa tanuri, na kutoka kwake mstari wa mwanga umeshuka wima hadi majini ukaigawa bahari pande mbili. Kushoto, merikebu ya matanga inakwenda mrama ikiingia kwenye giza la dhoruba.

Kisha jicho linateremka hadi pembe ya kulia, chini kabisa, na hapo linakuta mguu wa mtu. Ni mguu mtupu wa mtu mweusi, umechomoza majini na mwili wote uko chini. Kifundoni una pingu. Samaki wameuzonga. Ukishauona mguu huo unaanza kuona na mengine: mikono inayoishia kwenye povu, minyororo, ndege wa baharini wanaozengea. Machweo yako palepale yalipokuwa, lakini huwezi tena kuyatazama kama ulivyoyatazama mwanzo.

Mchoraji ni Joseph Mallord William Turner, Mwingereza, mtoto wa kinyozi, aliyezaliwa London mwaka 1775. Aliuonyesha mchoro huu mwaka 1840, akiwa na umri wa miaka 65, katika maonyesho ya kila mwaka ya Royal Academy, chuo cha kifalme cha sanaa cha London. Jina aliloupa ni refu, na kwa Kiswahili tunaweza kulisema hivi: Wafanyabiashara wa Watumwa Wakitosa Baharini Maiti na Mahututi, Tufani Inakuja. Wengi huuita kwa kifupi Merikebu ya Watumwa. Leo uko Boston, Marekani, kwenye makumbusho ya sanaa ya mji huo. Si mkubwa: upana wake ni kama sentimita 122 na kimo chake kama 91, sawa na meza ya chakula ya watu wanne. Ukiweza, utafute kwenye simu yako kabla hujaendelea kusoma, na uutazame dakika nzima.

Swali lililouandama tangu 1840 ni moja: kwa nini mwanga mzuri namna hii umemwagwa juu ya tendo baya namna ile? Wapo wanaosema Turner alipenda machweo tu, na kwamba watumwa walimpa kisingizio cha kuchora anga jingine jekundu. Wapo wanaosema uzuri umeufunika uovu, kama mtu anayetandika zulia juu ya damu. Mimi naona majibu yote mawili yameruka kazi ambayo mwanga wenyewe unaifanya pale kwenye turubai. Tuufuate huo mwanga taratibu, tangu kwenye jua hadi kwenye rangi.

Njia ya jua inayokufikia miguuni

Jua likiwa utosini, mwanga wake hupita kwenye hewa kidogo. Likikaribia kuchwa, mwanga huja kwa mshazari na kupenya hewa nyingi mno kabla ya kulifikia jicho. Njiani chembe za hewa huitawanya buluu na urujuani huku na huku, zikabaki manjano, chungwa na wekundu. Mvuke na vumbi huzidisha mambo. Ndiyo maana jioni ya bahari, hasa kabla ya hali ya hewa kuchafuka, huweza kuwaka kama moto wa kuni. Rangi za Turner zina wingi, lakini hazina uongo. Jioni za namna hiyo zipo.

Jambo la pili wanalijua wote waliowahi kukaa Forodhani, Unguja, saa kumi na mbili jioni. Mombasa na Dar es Salaam bahari huwapa watu mawio. Mji Mkongwe umeelekea magharibi, kwa hiyo jua huzama majini mbele ya macho. Jahazi likikatiza mbele ya jua hilo huwa kama limekatwa kwenye karatasi nyeusi. Vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani hugeuka vivuli. Unajua ni watu, unasikia vicheko vyao, lakini sura huzioni, kwa kuwa mwanga umekaa nyuma yao. Kitu kilicho kati yako na jua hukuonyesha upande wake wa giza.

Turner ameliweka jua katikati, mbele yetu, na waliotoswa amewaweka kati yetu na jua. Kwa hiyo, kwa kanuni ileile ya Forodhani, mwanga wote ule hauwaangazii. Unaangaza maji, povu na mawingu. Watu wako kwenye giza la mawimbi, na ndiyo sababu jicho huchelewa kuwaona. Angetaka waonekane mara moja, angelihamishia jua nyuma yetu, nao wangeangaziwa kila mmoja na uso wake. Wachoraji wengi wa wakati wake walipochora ajali za baharini walifanya hivyo: walimulika watu kama jukwaani, tukaona machozi na mikono iliyoinuliwa mbinguni. Hapa hakuna uso hata mmoja.

Jambo la tatu ndilo linalonigusa kuliko yote. Ule mstari unaong'aa juu ya maji, njia ya jua, hauna mahali pake baharini. Kila wimbi dogo ni kioo, na vile vioo vilivyoinama kwa pembe inayofaa ndivyo vinavyorusha jua kwenye jicho lako. Mwenzako aliyesimama hatua hamsini kutoka kwako anaona njia nyingine, iliyonyooka kumwelekea yeye. Ukitembea, njia inatembea nawe. Daima hutoka kwenye jua ikaja kwa yule anayetazama.

Sasa urudie mchoro. Njia ya jua imeshuka katikati, wima, kutuelekea. Turner ametuambia tumesimama wapi bila kuandika neno: tumo ndani ya tendo hili, kwenye mstari mmoja na jua. Tena utafute ardhi, hutaipata. Hakuna ufukwe, wala ukingo wa sitaha wa kushika. Mahali pa mtazamaji ni majini, kwa kimo kilekile cha mguu ule.

Nyeupe iliyo chini

Tuje kwenye rangi, maana mwanga wa mchoro ni ufundi wa mikono. Kwa karne kadhaa wachoraji wengi wa Ulaya walianza kazi kwa kulipaka turubai rangi ya udongo, kahawia au kijivu, kisha wakapandisha mwanga juu yake hatua kwa hatua. Picha za namna hiyo huwa na giza la ndani, kama chumba chenye taa moja. Turner aliiacha njia hiyo mapema. Alipaka msingi mweupe, kisha juu yake akaweka tabaka nyembamba za rangi zinazopitisha mwanga. Mwanga wa chumba huingia kwenye rangi, hugonga ule weupe wa chini, hurudi tena nje kupitia rangi. Ndiyo maana mbele ya kazi zake mtu huhisi kana kwamba mchoro wenyewe unatoa nuru. Alijifunza hili kwenye rangi za maji, ambako nyeupe ni karatasi yenyewe, akalihamishia kwenye rangi za mafuta. Wahafidhina hawakupendezwa. Mmoja wao, Sir George Beaumont, aliwabeza Turner na wenzake kwa kuwaita wachoraji weupe.

Palipotakiwa mwanga mkali zaidi alifanya kinyume: alibandika rangi nzito, nyeupe, yenye matuta, hata ukiwa karibu unaona alama za kisu na brashi. Matuta hayo hukamata mwanga wa chumba kwa namna yake. Utaona kwamba kitovu cha jua lake ni cheupe kuliko njano. Manjano imezunguka pembeni, na jicho, likikuta weupe uliozungukwa na joto, linaamini kwamba hapo ni pakali mno pa kutazama. Manjano ya kromi, iliyoingia madukani mwanzoni mwa karne ya 19, aliikumbatia kwa mikono miwili, na wakosoaji hawakuacha kumsema kwa manjano yake.

Upande wa pili wa ufundi ni baridi. Manjano na chungwa zikisimama peke yake huchosha haraka. Ili joto lionekane joto lazima kitu baridi kikae kando yake, na Turner ameweka buluu juu kulia, na zambarau pamoja na kijivu kwenye dhoruba inayopanda kushoto. Merikebu iko pale hasa joto linapokutana na baridi, na milingoti yake ni myekundu. Mwaka huohuo wa 1840 nadharia ya rangi ya Goethe, Mjerumani, ilitoka kwa Kiingereza, ikisema manjano na nyekundu huuchangamsha moyo na buluu huutia wasiwasi na kiu. Turner aliisoma na kuandika maoni yake pembezoni mwa kurasa. Lakini Merikebu ya Watumwa haimfuati Goethe. Hapa rangi zinazopaswa kuchangamsha ndizo zinazotisha.

Jua lilelile, msiba mwingine

Hapo ndipo maelezo mengi kuhusu rangi na hisia yanapokwama. Tumezoea kusikia nyekundu ni hasira, buluu ni huzuni, manjano ni furaha. Laiti ingekuwa hivyo, mchoraji angekuwa mtu wa kuchanganya dawa tu. Chukua mchoro mwingine wa Turner, aliouonyesha mwaka mmoja kabla, 1839: Temeraire, merikebu ya vita iliyopigana Trafalgar mwaka 1805, ikikokotwa na boti ya moshi kwenye mto Thames kwenda kuvunjwavunjwa. Uko National Gallery ya London, na wasomaji walioko Uingereza wanaubeba mifukoni, kwa kuwa umechapwa kwenye noti ya pauni 20 iliyotoka mwaka 2020. Vipimo vyake karibu vinalingana na vya Merikebu ya Watumwa. Nao ni machweo, nao una manjano, chungwa na wekundu uliotapakaa nusu ya anga. Lakini moyo unaoupata pale ni wa kuaga. Ni kama kumsindikiza babu aliyeishi vizuri.

Ukiilaza michoro hii miwili kando kwa kando unaona tofauti iko wapi. Kwenye Temeraire jua limewekwa pembeni kulia, chini karibu na upeo wa macho, na mawingu yamelala kwa mapana. Maji yametulia kama kioo, kila kitu kina kivuli chake kamili. Merikebu yenyewe imepauka, karibu iwe roho. Kushoto kuna buluu ya jioni na mwezi mchanga. Jicho linasafiri kwa ulalo, polepole, kama mtu anayetembea kando ya mto.

Kwenye Merikebu ya Watumwa mambo yamepinduliwa. Jua liko katikati na mwanga wake umesimama wima kama upanga. Mawingu yana makali na yamekaa mshazari. Maji yamevunjika vipande hata hakuna kitu kilicho na taswira yake chini. Jicho halipati pa kupumzika, linapanda na kushuka. Kwa hiyo hali ya moyo ya mchoro imetengenezwa na mambo ambayo mtu hayasemi akiulizwa kwa nini ameguswa: jua limewekwa wapi, kingo za vitu ni laini au kali, maji yamelala au yamesimama. Rangi ni kama sauti ya mwimbaji. Sauti ileile huimba harusi na huimba matanga.

Kulikuwa pia na jua la tatu, ambalo watazamaji wa 1840 walilijua vizuri kuliko sisi. Karne mbili nyuma, Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma, alikuwa amechora bandari kadhaa zenye jua la chini katikati na njia ya dhahabu juu ya maji, merikebu zimetia nanga na shehena zinapakuliwa. Ulikuwa mwanga wa amani na neema. Turner alimhusudu Claude maisha yake yote, kiasi kwamba kwenye wasia wake aliomba michoro yake miwili itundikwe kando ya michoro ya Claude. Mpango wa Merikebu ya Watumwa ni wa Claude: jua katikati, njia ya mwanga, chombo kando. Aliyeingia kwenye maonyesho yale akitarajia neema ya bandari alikuta shehena ikitoswa baharini, na shehena ni watu.

Tufani, na soko

Wanahistoria wengi wanaufungamanisha mchoro na merikebu iliyoitwa Zong. Ilikuwa ya wafanyabiashara wa Liverpool, na mwaka 1781 iliondoka pwani ya Afrika Magharibi kuelekea Jamaica ikiwa imejaza Waafrika zaidi ya 440, wengi kupita uwezo wake. Nahodha alikosea njia, maradhi yakaenea, na kuanzia tarehe 29 Novemba mabaharia wakaanza kuwatosa watu majini wakiwa hai, wanawake na watoto kwanza. Kwa siku kadhaa waliwaua zaidi ya 130. Sababu ilikuwa ya kihasibu: mtumwa akifa kwa maradhi hasara ni ya mwenye merikebu, lakini "bidhaa" ikitupwa kuokoa chombo, bima hulipa. Wenye merikebu walidai pauni 30 kwa kila mtu, wakisema maji ya kunywa yalikuwa yakiisha. Mwaka 1783 mahakama ya kwanza iliwapa ushindi. Bima walipokata rufaa, ilibainika kwamba mvua ilikuwa imenyesha wakati mauaji yakiendelea, na jaji Lord Mansfield akaamuru kesi isikilizwe upya. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, ndiye aliyempelekea habari Granville Sharp, mpinzani wa utumwa, na hivyo tukio likatoka kwenye daftari za bima likaingia kwenye dhamiri ya watu.

Wengine hukumbusha kwamba kwenye kisa cha Zong hakukuwa na tufani, na kwamba hata katika miaka ya 1830, Uingereza ikiwa imeshapiga marufuku biashara hiyo tangu 1807, merikebu haramu zilizofukuzwa na manowari ziliwahi kuwatosa watu ili kupoteza ushahidi. Nadhani Turner hakutaka tuchague. Mchoro hauna bendera, wala jina la merikebu.

Neno lenyewe, tufani, linatuhusu kwa karibu. Sisi tumelipata kutoka Kiarabu. Mabaharia wa Kireno nao walilichukua katika Bahari ya Hindi, na kwa njia hiyo likaingia Kiingereza, huko likachanganyika na jina la Kigiriki la zimwi la upepo na neno la Kichina la upepo mkubwa. Turner kwenye jina la mchoro aliliandika kwa sura ya lile zimwi la Kigiriki. Ni neno la bahari yetu, alilolipeleka Atlantiki ambako mabaharia hawaiiti dhoruba kwa jina hilo, na kwa kufanya hivyo dhoruba ile ikawa zaidi ya hali ya hewa.

Kwenye orodha ya maonyesho aliambatanisha beti zake mwenyewe, kutoka shairi ambalo hakulimaliza. Kwa Kiswahili zinasema hivi:

Pandeni nyote juu, shusheni milingoti ya juu, fungeni kamba;
lile jua lenye hasira linalokuchwa, na mawingu yenye makali,
vinatangaza kwamba tufani inakuja.
Kabla haijafagia sitaha zenu, toseni baharini
maiti na mahututi, msijali minyororo yao.
Tumaini, Tumaini, Tumaini la uongo!
Soko lako li wapi sasa?

Beti hizi zinatoa ufunguo wa mwanga kuliko ufafanuzi wowote niliousoma. Anayezungumza ni nahodha au baharia, na yeye analitazama jua kama habari: jua linatangaza, basi fanyeni haraka, punguzeni mzigo. Kwake mwanga ni ishara ya hasara inayokuja. Sisi tunaotazama tunauona mwanga uleule kama uzuri. Wale walio majini hawana nafasi ya kuuona kwa namna yoyote. Jua moja, na watu wa aina tatu.

Neno moja la swali lile la mwisho, soko, lilikuwa hai kabisa mwaka ule. Juni 1840 London ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa dunia wa kupinga utumwa. Brazil na Cuba zilikuwa bado zinapokea merikebu. Na katika miaka hiyohiyo Seyyid Said alikuwa akiyahamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, majahazi yakivuka kutoka Kilwa Kivinje yamesheheni watu, soko likichangamka. Lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa Mkunazini mahali lilipokuwa. Sisemi Turner alikuwa akituwaza sisi, maana mchoro wake ni wa Atlantiki. Lakini machweo ya Forodhani niliyotumia kueleza mwanga wake yalikuwa, wakati akichora, machweo ya mji wenye soko hilo.

Aliyeona anga akasahau watu

Mwaka 1843 mhakiki wa sanaa Mwingereza, kijana wa miaka 24, John Ruskin, aliuandika mchoro huu kwa ufasaha ambao Kiingereza kimeufanya kitu cha kukariri. Aliiita bahari ile tukufu kuliko zote alizowahi kuchora Turner. Akaona merikebu yenye hatia, na milingoti yake imeandikwa angani kwa mistari ya damu. Baba yake akamnunulia mchoro wenyewe, akampa kama zawadi ya mwaka mpya wa 1844.

Ruskin aliuelewa mwanga. Alijua kwamba wekundu ule ni hukumu. Lakini kwenye aya zile ndefu za povu na moto hakusema hatia ni ya nini. Aliiweka chini ya ukurasa, kwenye tanbihi: ni merikebu ya watumwa, inawatosa watumwa wake, na bahari ya karibu imejaa maiti. Mshairi David Dabydeen, mzaliwa wa Guyana, alipotoa shairi lake refu kuhusu mchoro huu mwaka 1994, tanbihi hiyo ni moja ya mambo yaliyomsukuma. Akampa sauti mtu aliye chini ya maji.

Ni rahisi kumlaumu Ruskin, na lawama nyingine anaistahili. Mimi naona alichofanya ndicho mchoro unachomfanyia kila mtu: alikwenda kwenye jua kwanza. Hata waliouchukia walikwenda huko. Mwandishi wa Marekani Mark Twain alisimulia kwamba mwandishi mmoja wa gazeti la Boston aliufananisha na paka aliyeshikwa na kifafa ndani ya sinia la nyanya. Nyanya zile ni mwanga. Msifiaji na mdhihaki wote wamesimama juu ya mguu mmoja bila kuuzungumzia. Ruskin hatimaye alishindwa kuishi nao ukutani, akauuza, na mwaka 1872 ukaenda Marekani. Boston iliununua mwaka 1899.

Ndiyo maana sikubali kwamba uzuri umeufunika uovu. Kufunika ni kuficha usionekane kabisa, na Turner ameuweka mguu mbele, mkubwa, karibu na sisi kuliko merikebu. Alichokifanya ni kuupanga utaratibu wa kuona: jua, anga, chombo, maji, kisha mtu. Utaratibu huohuo ndio ulioiwezesha biashara ile kudumu. Sukari ilionekana kwanza, kisha pamba, kisha faida, na mtu mwisho. Turner mwenyewe alikuwamo. Mwaka 1805 aliweka pauni 100 katika mradi wa ufugaji huko Jamaica uliotegemea kazi ya watumwa. Mwanga unaomfikia mtazamaji miguuni ulikuwa umemfikia na yeye.

Kitu kimoja kilizua malalamiko tangu siku ya kwanza, na bado hutajwa kama kosa la mzee aliyechoka. Ni minyororo. Pale kulia, karibu na mguu, inaonekana juu ya uso wa maji, wazi, pete kwa pete. Chuma hakielei. Turner alikuwa amechora meli, nanga na minyororo tangu ujana wake, alikaa bandarini na kusafiri baharini na kuchora kila aina ya chombo kilichopita Thames, na hili alilijua kuliko wakosoaji wake. Waliofungwa kwa minyororo ile wamekwishazama, umebaki mguu na vidole. Minyororo ameiacha juu.